Sonona kwa Wagonjwa wa Saratani ya Mapafu: Mwenendo wa Utafiti na Wajibu wa Tiba



Mtu akiarifiwa kwamba ana saratani ya mapafu, fikra za jamaa zake na za tabibu wake huelekea upesi kwenye picha za eksirei, dawa za mishipani na gharama zake, ilhali sonona, ambayo huenda imekwisha kumwingia moyoni kabla hata ya dripu ya kwanza, aghalabu hubaki bila kuulizwa. Hoja yangu ni kwamba utafiti uliokwisha kufanywa watosha kutuondolea udhuru wa kudhani kuwa huzuni ya mgonjwa wa namna hii ni jambo la lazima lisilo na dawa.

Wataalamu walianza kwa kuhesabu. Mwaka 2000 Hopwood na Stephens wa Uingereza, wakizipitia taarifa za wagonjwa 987 wa saratani ya mapafu waliokuwa katika majaribio ya tiba, waliona dalili za sonona kwa takriban theluthi moja, na walioelemewa zaidi walikuwa wale ambao maradhi yamewanyang'anya uwezo wa kufanya shughuli zao. Mwaka 2014 Jane Walker na wenziwe, katika kliniki za saratani za Uskoti, waliwapima wagonjwa 21,151. Wale wa mapafu wakawa na sonona kubwa kwa asilimia 13.1, kiwango kilichozidi cha saratani nyingine zote walizozilinganisha, na miongoni mwa wagonjwa wote walioonekana kuwa na sonona, asilimia 73 hawakuwa wakipata tiba yoyote ya kufaa. Theluthi na asilimia 13 hazipingani: hesabu ya kwanza ilitegemea hojaji peke yake, na ya pili ilithibitishwa kwa mahojiano.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Hojaji iitwayo PHQ-9 humwuliza mtu kama hapati usingizi, kama amechoka, kama hana hamu ya chakula. Na mgonjwa anayeamshwa na kikohozi usiku kucha, aliyedhoofishwa na dawa na ambaye hata uji haumpiti kooni, atajibu ndiyo mara tatu kabla hatujajua lolote juu ya nafsi yake. Ili kuepuka mkanganyiko wa namna hiyo, Zigmond na Snaith, walipotunga hojaji yao ya maswali 14 mwaka 1983, waliziacha kwa makusudi dalili za mwili. Kwetu Afrika Mashariki, Omoro na wenziwe walitoa mwaka 2006 tafsiri ya Kiswahili ya PHQ-9 waliyoijaribu Kenya kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, kazi ninayoiona kuwa na thamani kubwa kuliko umaarufu wake.

Wengine wakaacha hesabu, wakaenda kuwasikiliza wagonjwa wenyewe. Chapple, Ziebland na McPherson, mwaka 2004, walikuta Uingereza watu walioona haya kwa maradhi yao kwa kuwa yanahusishwa na sigara, hata wale walioacha kuvuta zamani na wale wasiowahi kuvuta kabisa, na baadhi yao wakauficha ugonjwa. Nawasihi wenzangu tulipime swali letu la "ulikuwa ukivuta?", ambalo kwa daktari ni habari ya faili na kwa anayeulizwa ni hukumu. Na hapa kwetu, ambako kikohozi kisichokoma hudhaniwa kwanza kuwa kifua kikuu, kuna mgonjwa anayefika kwetu baada ya miezi ya vidonge visivyomfaa, tayari amekwisha kuchoka kuamini.

Siku hizi wako pia wanaochunguza kama sitokini, kemikali zinazozidi mwilini kwa sababu ya uvimbe, huchangia sonona hiyo; na wako wanaouliza kama sonona hufupisha maisha, swali gumu, maana aliyezidiwa na saratani ndiye pia mwenye sababu zaidi ya kuhuzunika.

Lakini lililo muhimu kupita yote ni tiba. Temel na wenziwe wa Boston walionyesha mwaka 2010, kwa wagonjwa 151 ambao saratani yao ya mapafu ilikwisha kusambaa, kwamba waliopewa huduma shufaa tangu mwanzo walikuwa na dalili za sonona kwa asilimia 16, dhidi ya asilimia 38 ya wenzao, hali dawa mpya za sonona ziliandikwa karibu sawasawa kwa pande zote mbili. Mwaka 2014 Walker na wenziwe wakathibitisha, kwa wagonjwa 142 wa Uskoti wenye sonona kubwa na saratani ya mapafu, kwamba wauguzi waliofundishwa, wakisimamiwa na madaktari wa akili, huweza kuipunguza sonona hata kwa mtu ambaye umri wake uliobaki ni mfupi.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika kila kliniki yetu ya saratani ateuliwe muuguzi mmoja, apewe hojaji ya Kiswahili na chumba chenye mlango unaofungwa, aulize katika ziara ya kwanza na kila baada ya duru ya dawa, na awe na daktari wa akili anayejulikana kwa jina na nambari ya simu, wa kumpelekea mgonjwa siku hiyo hiyo.