Uganda: Adui Asiyesimamishwa na Lindo

Ndugu wasikilizaji, na hususan ninyi askari wa ulinzi na wa polisi mnaotusikiliza mkiwa makambini, vituoni na malindoni: katika mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani tunawaomba mvuke nasi mto Kagera, mwelekee kusini-magharibi ya Uganda, hadi kwenye msitu wa Bwindi. Ni msitu wa milimani, wenye miteremko mikali na ukungu mzito, na upande wake mmoja umegusana na mpaka wa Kongo. Ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ukaandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Humo wanaishi karibu nusu ya gorila wa milimani wote waliobaki duniani. Wengine wako katika milima ya Virunga, pale zinapokutana Uganda, Rwanda na Kongo.

Jina la Bwindi lilienea ulimwenguni kwa habari ya msiba. Tarehe 1 Machi 1999, waasi wenye silaha walitoka upande wa Kongo wakavamia Buhoma, palipo na ofisi na kambi za wageni wa hifadhi hiyo. Watalii wanane wa kigeni waliuawa, pamoja na ofisa mmoja wa hifadhi, mwananchi wa Uganda, aliyefia kazini. Baada ya hapo Serikali ya Uganda ilipeleka wanajeshi kuulinda msitu na wageni wake. Askari yeyote ataielewa hatua hiyo. Adui mwenye bunduki hujibiwa kwa bunduki, na palipo na upenyo huwekwa lindo.

Lakini habari tunayokusudia kuieleza leo si ya adui huyo. Ni ya adui mwingine, aliyekuwa amekwisha kuingia katika msitu huo huo miaka mitatu kabla, bila ya kuulizwa na mtu yeyote anatoka wapi.

Mwaka 1996 ilionekana kwamba gorila wa kundi moja, miongoni mwa makundi yaliyozoeshwa kutembelewa na watu, walikuwa wakinyonyoka manyoya, na ngozi yao imekuwa nyeupe yenye magamba. Aliyeitwa kuwatazama ni Dk. Gladys Kalema-Zikusoka, ambaye mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 25 tu, alikuwa ameajiriwa kuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika idara ya hifadhi za Uganda. Kabla ya kushika safari alimwendea daktari wa binadamu akamwuliza ni ugonjwa gani wa ngozi unaowasumbua zaidi watu wa vijijini. Jibu lilikuwa fupi: upele. Naam, ndio uliokuwa ukiwatesa gorila wale. Mtoto mmoja wa gorila alikufa. Waliosalia walitibiwa kwa dawa ya ivermektini, wakapona.

Upele huo ulifikaje msituni? Gorila hawajui mpaka wa hifadhi. Hutoka msituni wakaingia mashambani kutafuna migomba, na huko hukuta nguo kuukuu zilizovalishwa sanamu za kutishia wanyama waharibifu. Mwenye nguo ile ni mkulima maskini, mwenye maji haba na zahanati ya mbali, ambaye upele umekaa nyumbani mwake na watoto wake wanajikuna usiku kucha. Basi ugonjwa wa mwanadamu asiyetibiwa ulivuka mpaka kwa vazi tu. Gorila amekaribiana mno na mwanadamu kwa damu na maumbile, na kwa hiyo mengi yanayotuuguza sisi humwuguza na yeye.

Ndugu wasikilizaji, daktari yule hakuyafikia maswali hayo kwa bahati. Mwaka 1994, alipokuwa angali mwanafunzi wa udaktari wa wanyama huko London, alikwenda Bwindi kufanya utafiti wake wa chuoni. Kazi yenyewe haikuwa ya kujivunia mbele za watu. Ilikuwa kuokota kinyesi cha gorila, kukihifadhi, na kukipima ili kuona mayai ya minyoo na vimelea vingine, kisha kuwalinganisha gorila wanaotembelewa na wageni na wale wasiotembelewa. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulijibu: mtu anayekuja kumtazama mnyama anamwachia nini nyuma yake?

Hebu sasa tujiweke mahali pa askari wa doria. Anamkuta msichana msituni, hatua chache kutoka mpakani, amebeba daftari na vichupa vilivyotiwa kinyesi. Anaandika saa, mahali, na idadi ya wanyama. Askari hana budi kumshuku, na ni wajibu wake kumhoji. Lakini akikwisha kuiona barua yake na kuthibitisha kibali chake, inafaa ajue kwamba aliyesimama mbele yake ni mwenzake katika kazi. Anachokifanya msichana yule ni upelelezi. Anamtafuta adui kabla hajashambulia, anataka kujua njia anazopitia na nani anamhifadhi. Tofauti ni kwamba adui wake ni mdogo kuliko punje ya mtama.

Sisi Watanzania tusidhani kwamba mambo haya ni ya Waganda peke yao. Mwaka 1966, katika msitu wa Gombe mkoani Kigoma, sokwe mtu walipatwa na ugonjwa wa kupooza, wakati ule ule ambapo ugonjwa kama huo ulikuwa umewapata watu wa sehemu za jirani. Baadhi ya wanyama hao walikufa, na wengine walibaki wamelemaa viungo. Habari hiyo tunaijua kwa sababu watafiti walikuwepo, wakiandika waliyoyaona siku baada ya siku.

Turudi Uganda. Dk. Kalema-Zikusoka alirudi tena darasani, safari hii huko North Carolina, Marekani, akajifunza zaidi juu ya magonjwa yanayopita baina ya watu, mifugo na wanyamapori, kikiwemo kifua kikuu. Mwaka 2003, pamoja na wenzake, alianzisha shirika lenye shabaha ya kuwahifadhi wanyama kwa kuilinda afya ya wananchi. Mwaka 2007 shirika hilo liliunda vikundi vya wanavijiji wanaojitolea. Hao hupita nyumba kwa nyumba, wakifundisha usafi, uzazi wa mpango na dalili za kifua kikuu, na wakieleza papo hapo kwa nini gorila anahusika. Mwaka 2015 likafuata shirika la biashara linalonunua kahawa ya wakulima waishio kando ya msitu kwa bei bora, ili mtu asilazimike kuingia porini kutafuta riziki. Na si mtu mmoja tu afanyaye utafiti huko. Chuo Kikuu cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina taasisi yake ya utafiti huko Ruhija, ndani ya Bwindi kwenyewe, ambako wanafunzi wa shahada za juu wamekuwa wakiupima msitu na maisha ya majirani zake.

Hata hivyo haitakuwa haki kueleza mazuri tu. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991, Watwa, watu walioishi kwa kuwinda na kukusanya asali katika msitu huo tangu enzi za mababu, walitolewa humo bila ya kupewa fidia ya kutosha. Walibaki pembezoni mwa msitu, hawana ardhi wala matibabu. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwa upande wao katika shauri walilolifungua kudai haki zao. Lakini uamuzi wa mahakama haumrudishii mzee miaka thelathini iliyopita. Mtu aliyenyang'anywa msitu hawezi kutazamiwa kuulinda, na mtu asiyepata dawa ataendelea kuwa njia ya ugonjwa, hata kama hana nia mbaya.

Tena mwaka 2020, wakati watalii walipokoma kuja kwa sababu ya ugonjwa wa Korona na fedha zikapotea vijijini, mwindaji mmoja alimwua kwa mkuki gorila dume mashuhuri aliyeitwa Rafiki, kiongozi wa kundi la Nkuringo. Mwindaji huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Sheria ilitimizwa. Lakini polisi mwenye busara atauliza pia ni nini kilichompeleka mtu yule msituni, kwa kuwa njaa ikibaki pale pale, mwingine atapita njia ile ile.

Ndugu askari, kuna jambo katika habari hii linalowahusu ninyi wenyewe, wala haifai kulipitia juu juu. Wageni wanaokwenda kuwaona gorila wa Bwindi wamewekewa kanuni. Mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi. Kundi moja la gorila hutembelewa na wageni wasiozidi wanane kwa siku, kwa muda usiozidi saa moja. Umbali wa kusimama, uliokuwa mita 7, uliongezwa kuwa mita 10 mwaka 2020. Mgeni anayebanwa na haja huchimba shimo la kina cha sentimita 30, na akimaliza hulifukia. Basi pimeni wenyewe. Mtalii hukaa na wanyama kwa saa moja, akaenda zake. Askari hukaa msituni kwa wiki na miezi, anapika humo, anafua humo, anaugua humo. Ikiwa mgeni wa saa moja amewekewa kanuni hizo, mlinzi wa miezi mingi zinamfunga zaidi. Kambi isiyo na choo cha shimo, matambara yaliyotupwa kichakani, askari mwenye kikohozi cha wiki tatu anayeogopa kumwambia daktari wa kikosi asije akaondolewa katika doria: haya yanaweza kuingiza ndani ya msitu kile ambacho bunduki zote za lindo zimewekwa kukizuia.

Kwa hiyo fundisho la Bwindi ni hili. Mpaka wa msitu haulindwi mpakani tu. Unalindwa katika kijiji kilicho jirani, kwenye choo, kwenye kisima, kwenye zahanati na shambani, na unalindwa katika nidhamu ya kambi ya yule aliyetumwa kuulinda. Na wa kwanza kuuona upenyo huo hakuwa na cheo wala silaha. Alikuwa mwanafunzi aliyekubali kuinama akaokota kinyesi. Wanafunzi wa vyuo vyetu nao, wakifika katika maeneo yenu na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia mkononi, wakaulizia maji, mbu, minyoo au miti iliyokatwa, wakagueni kama sheria inavyotaka, kisha waonyesheni njia.

Matunda yake yanahesabika. Mwaka 1997 gorila wa Bwindi walikadiriwa kuwa 300 hivi. Hesabu iliyofanywa mwaka 2018, ikiwa pamoja na msitu wa Sarambwe ulioko upande wa Kongo, ilipata gorila 459. Ukijumlisha na wale wa Virunga, wote walikuwa 1,063. Gorila hao wote wangeweza kupangwa gwaride katika kiwanja kimoja cha mpira na nafasi ikabaki. Kikohozi kimoja kilichofichwa kinatosha kuipunguza hesabu hiyo.

Ndugu wasikilizaji, tunawatakia lindo jema.