Nani Yuko Nyuma Yako? Mada kuhusu Vijana na Biashara ya Sarafu Mtandaoni



Nimeombwa nizungumzie ari na msaada anaohitaji kijana anayetaka kuishi kwa kununua na kuuza sarafu mtandaoni. Kuhusu ari sitasema mengi. Vijana wetu wanayo tele. Wanakesha na simu mpaka soko la New York lifungwe. Lakini watafiti waliwafuatilia watu walioanza kununua na kuuza mikataba ya hisa ya siku kwa siku nchini Brazil kati ya 2013 na 2015. Miongoni mwa waliodumu zaidi ya siku 300, yaani wale wasiokata tamaa, asilimia 97 walipata hasara. Kung'ang'ania, basi, si dawa.

Wauza kozi hupenda kutusimulia habari za Chicago. Mwishoni mwa 1983, Richard Dennis, aliyekwisha tajirika kwa mikataba ya bidhaa, alibishana na mwenzake William Eckhardt: kazi hii hufundishika, au mtu huzaliwa nayo? Dennis alishikilia kwamba hufundishika. Wakatangaza magazetini, wakachagua wachache, wakawapa mafunzo ya majuma mawili na jina la utani, Kasa. Baadhi yao walifanikiwa kweli. Jerry Parker alifungua kampuni yake, Chesapeake Capital, mwaka 1988.

"Mnaona? Majuma mawili tu!" Hapo ndipo msimulizi hukatisha, na hapo ndipo sisi tuanzie. Kasa hawakuchezea kodi ya nyumba wala ada za watoto. Fedha walizofanyia kazi zilikuwa za Dennis. Walikuwa na wenzao wa kazi hiyohiyo, na kanuni zilizowaambia lini waingie, lini watoke na kiasi gani wahatarishe. Dennis mwenyewe alianza kwa dola 1,600 za kukopa kwa familia. 1,200 zikaishia kwenye kununua nafasi katika soko dogo, akabaki na 400. Hata yeye alikuwa na watu nyuma yake.

Kanuni yao moja naomba tuitazame kwa karibu: usihatarishe zaidi ya takriban asilimia 2 ya mtaji kwa hatua moja. Mwenye dola 200 anahatarisha dola 4. Akikosea mara kumi mfululizo bado ana kama dola 163, na kesho anaweza kuamka akafanya kazi. Anayehatarisha robo ya salio kila mara, kwa makosa hayohayo kumi, anabaki na dola 11. Na yule anayekubali mkopo wa dalali wa mara mia anashika sarafu za dola 20,000 kwa dola zake 200. Bei ikisogea asilimia 1 tu kinyume chake, ameshachoma akaunti. Hakuna fundi cherehani anayempa mwanagenzi kitambaa cha bibi harusi siku ya kwanza, lakini dalali humpa mgeni mkopo huo kabla hajajua kusoma chati.

Tena tusidanganyane kwamba ukubwa unakinga. Masoko yalipoanguka Oktoba 1987 Dennis aliumia vibaya, na mwaka uliofuata akajiondoa.

Kwa hiyo, kundi la Telegram linalouza ishara za lini kununua na lini kuuza mimi silihesabu kuwa msaada. Mwenye kundi analipwa upate au ukose. Msaada ni kipato kingine kinacholisha nyumba, na mtu anayeruhusiwa kufungua daftari lako la miamala akakuuliza, "Hapa kwa nini ulivunja kanuni?"

Ombi langu kwenu ni moja. Aliyekwisha kuingia aandike leo kiasi ambacho akikipoteza atafunga akaunti, na karatasi hiyo amkabidhi mke, mume au ndugu asiyefanya biashara hii, mwenye mamlaka ya kumwambia basi.