Deni la Damu Huandikwa



Mimi ni muuza duka. Chuoni nilifunzwa kwamba deni huandikwa, na mwenye haki hutajwa kwa jina. Basi nauliza: damu ya raia wa Bukoba imeandikwa wapi?

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaishika nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Yaliua wakulima, yakanajisi wanawake, yakapora ng'ombe. Raia waliouawa hukisiwa kuwa 1,500.

Askari wetu wengi wamelala Kaboya, Muleba; makaburi yao hutunzwa, na wakubwa wamekwenda kuyawekea mashada. Hiyo ni haki yao. Lakini mkulima aliyeuawa shambani kwake, nani amsomea jina? Dola hupenda kukumbuka ushindi. Msiba wa mnyonge huuachia jamaa zake.

Tena tuseme kweli ijapokuwa chungu: mwaka 1979 majeshi yetu yaliubomoa mji wa Masaka kwa kisasi. Wenyeji wake nao ni wadai.

Na waandikwe wote, maadamu mashahidi wangali hai. Daftari likichelewa, deni halifi, hufa shahidi.