Jina la Kuazima: Kutoka Riwaya ya Gurnah Hadi Wodini

  Mimi si mhakiki wa vitabu, ni nesi, kwa hiyo mnivumilie.

Wengi wetu tulishangilia mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobeli ya Fasihi. Lakini ni wangapi tumeisoma By the Sea, riwaya yake ya mwaka 2001? Humo mzee Saleh Omar, mtu wa miaka 65, anatua Gatwick kwa jina la marehemu, Rajab Shaaban. Kaambiwa ajifanye hajui Kiingereza. Afisa wa uhamiaji anamchukulia kikasha chake cha udi, naye kimya. Sisi tuna neno letu, kujilipua, na tunalisema kwa kucheka. Gurnah hachekeshi. Mzee anatafutiwa mkalimani, na anayepigiwa simu ni mtoto wa mwenye jina! Jina la kuazima lina wenyewe, iko siku litadaiwa.

Mimi nimeliona likidaiwa wodini. Alilazwa dada mmoja, mengi yake nitayaficha. Alikuwa anaishi kwa makaratasi ya ndugu yake. Faili lilisema hadhuriwi na dawa yoyote, na penisilini ilikuwa tayari. Nilipomuuliza kwa Kiswahili akaninong'oneza: "Dada, hilo faili si langu. Dawa hiyo ilishawahi kunivimbisha koo." Faili la mwenzake, koo lake. Angenyamaza kama alivyofundishwa, leo tungekuwa tunachangishana pesa za kusafirisha maiti.

Simlaumu. Woga wake una sababu. Tangu Oktoba 2017 hospitali za England zinatakiwa kumdai asiye na kibali malipo kabla ya tiba isiyo ya haraka, kwa asilimia 150 ya gharama. Deni la pauni 500 lisilolipwa kwa miezi miwili linaweza kufikishwa Home Office. Mwaka 2017 yalianza hata makubaliano ya kuipa Home Office anuani za wagonjwa. Yalipingwa na madaktari na wabunge, yakasitishwa 2018, lakini woga haukusitishwa. Mlango wa hospitali umegeuzwa mpaka wa nchi, na sisi manesi hatukusomea uhamiaji. Hili tulipinge hadharani, hasa sisi wenye makaratasi na kura.

Wakati tunapinga, tuambizane ukweli. Kujiandikisha kwa daktari wa mtaani ni bure, na hulazimiki kuonyesha paspoti wala kibali. Huduma ya dharura ya A&E ni bure kabla hujalazwa. Tiba ya kifua kikuu na UKIMWI ni bure kwa kila mtu. Mama mjamzito hatakiwi kurudishwa wala kucheleweshwa kwa sababu ya pesa, ingawa bili inaweza kumfuata baadaye, na hapo atafute mwanasheria mapema.

Ndugu zangu, yule aliyemshauri Saleh Omar anyamaze alimtakia mema. Nasi tunawashauri hivyo hivyo wageni wetu, kwa nia njema. Uwanja wa ndege sikuzungumzii. Lakini ukifika kitandani, mwambie daktari ukweli wa mwili wako. Dawa haijui makaratasi ni ya nani.