Kabla ya Kufungua Kava: Kelele za Tapeti katika Injini Kuukuu



Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka ya nyuma nililetewa Pajero ya V6 ya lita 3.0, ile ya valvu 12, inalia ta-ta-ta-ta kama cherehani. Sikuuliza swali hata moja. Nilifungua kava, nikatoa tapeti zote 12, mwenye gari akanunua mpya, nikafunga. Nilipowasha, cherehani ikaendelea kushona. Siku ya tatu ndipo nilipoteremsha sampu. Chujio la pampu ya oili lilikuwa limezibwa na vipande vya silikoni. Fundi aliyenitangulia aliipaka kama anayepaka siagi kwenye mkate. Tapeti za zamani zilikuwa nzima kabisa. Zilikuwa na kiu tu.

Ndiyo maana nasema tapeti ikilia, ulizia oili kwanza.

Lakini tujue pia tunasikiliza tapeti ya aina gani. Mteja akisikia mlio wowote juu ya injini husema "tapeti", nasi tunaitikia. Land Rover ya zamani ya petroli ya lita 2.25 ina tapeti za kurekebisha: spana, bisibisi, fila geji ya milimita 0.25 kwa valvu zote, kazi imekwisha. Corolla 110 yenye injini ya 5A nayo haina tapeti za oili. Ina vikombe vyenye visahani juu yake, na nafasi hurekebishwa kwa kuweka kisahani cha unene mwingine. Nimeshuhudia watu wakimimina dawa ya kusafisha tapeti za oili kwenye Corolla hiyo, kisha wakakaa kusubiri. Dawa imtibu mgonjwa gani?

Tapeti za oili zilianza kutumika katika Cadillac ya V16 mwaka 1930. Ndani ya kila moja mna pistoni ndogo, springi, na gololi inayoruhusu oili kuingia na kuizuia kurudi. Oili ikijaa, pistoni inasimama imara na nafasi kwenye mfumo wa valvu inatoweka. Oili haibinyiki, hewa inabinyika. Hewa ikiingia humo, pistoni inabonyea, nafasi inajitokeza, chuma kinagonga chuma.

Sasa muulize mteja: inalia lini? Ikilia sekunde chache asubuhi kisha ikanyamaza, tapeti zilimwaga oili usiku na zimejaa tena. Hilo si la kufungulia injini. Ikizidi, tazama filta. Filta duni huacha oili yote irudi sampu gari likilala. Gari lililoegeshwa siku nyingi kwenye mteremko nalo huweza kuamka na kelele. Ikiwa kimya asubuhi na kulia injini ikishapata moto, hapo kuna jambo: oili imekuwa nyepesi, na presha haitoshi au tapeti yenyewe imechakaa inavuja.

Kisha chomoa kijiti. Wengi huangalia kama oili imepungua, basi. Oili ikizidi sana, krenki huipiga ikatoa povu, na pampu ikapeleka povu hilo kwenye tapeti. Ikipungua sana, pampu hunyonya hewa. Kelele ni ileile.

Kinachofuata ni geji ya presha, na hapa ndipo nitakapowagombeza. Gereji ngapi kati ya zetu zina geji hiyo? Taa ya oili kwenye dashibodi si kipimo. Hiyo huwaka presha ikiwa karibu kuisha kabisa. Fungua swichi ya oili, funga geji, acha injini ipate moto, soma kwa mwendo wa chini kisha kwa mizunguko 2,000 au 3,000, ulinganishe na kitabu cha injini hiyo. Presha ikiwa ndogo, tapeti mpya ni hasara ya mteja.

Presha ikiwa nzuri, tafuta mahali mlio unapotoka. Bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha kwenye kava, silinda moja baada ya nyingine. Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa injini zenye distribyuta. Kemshafti huzunguka nusu ya kasi ya krenki. Krenki ikienda mizunguko 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 400. Plagi nayo huchoma mara 400. Basi funga taa ya taiming kwenye waya wa plagi, tazama mmweko huku ukisikiliza. Mlio mmoja kwa kila mmweko unaendana na kasi ya kemshafti. Milio miwili kwa mmweko mmoja ni kasi ya krenki. Hapo acha habari ya tapeti, chunguza chini.

Usisahau manifoldi ya eksozi. Gasketi ikivuja hutoa mlio unaofanana mno na wa tapeti, hasa injini ikiwa baridi, kisha chuma kikitanuka unapungua. Tafuta masizi meusi kwenye maungio.

Kuhusu kuosha ndani ya injini kwa dizeli: tope lote la oili linabanduka kwa mpigo na kukimbilia chujio la pampu. Yale ya Pajero yangu yatawakuta. Badala yake, badilisha oili na filta mara mbili tatu kwa muda mfupi, ya gredi iliyoandikwa kwenye kitabu. Kama ni hewa tu, pandisha mwendo polepole hadi mizunguko 3,000, shusha, rudia mara nyingi. Isiponyamaza, fungua kava na bonyeza roka kwa kidole. Inayobonyea kama sponji, tapeti yake ndiyo mbovu.

Kwa tapeti za kurekebisha, mimi huiogopa zaidi iliyo kimya. Valvu iliyobanwa haikai vizuri kwenye kiti chake, joto halipati pa kutokea, inaungua bila kelele.

Baada ya chai tutatoka nje. Gari lipo uwanjani, halijawashwa tangu jana asubuhi, na nimemwomba mlinzi asimruhusu mtu kuligusa. Kila mmoja aje na bisibisi yake ndefu.