Kuhamisha Kisa: Juu ya Bao, Dadu na Kanuni Zinazobadilika



Mtu aliyejifunza bao huko pwani, kisha akapanda meli hapa Mwanza kwenda Bukoba, akavuka mpaka hata Buganda, atakuta huko ubao wa omweso wenye mashimo 32 na kete 64, sawasawa na ule aliouzoea, naye atadhani amefika nyumbani. Lakini akianza kucheza atatahayari, maana katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 akibani, akiziingiza moja moja katika namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, ilhali Waganda huziweka zao zote tangu mwanzo, kila mmoja akizipanga upande wake apendavyo. Nyumba, lile shimo maalumu la bao ambalo mchezaji hulihofia usiku na mchana, katika omweso haina maana yoyote. Basi ukilichukua bao lililofika katikati, ukalinakili shimo kwa shimo juu ya ubao wa omweso, utakuwa umehamisha hesabu, na mchezo umeuacha ng'ambo.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimekusanya vijitabu ambavyo wengi wenu hamjapata kuviona. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, nao uko kando ya ziwa kama wetu, huko Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo watu huketi mezani, mmoja akawa msimulizi na mwamuzi, wengine kila mmoja akajivika nafsi ya shujaa, na penye shaka dadu ikakata shauri. Vijitabu vyangu ni visa vilivyotungwa tayari kwa ajili ya msimulizi: ramani ya pango, wanyama wake, mali yake na mitego yake. Kanuni zimeandikwa upya mara kadhaa, kama vile mwaka 1989, 2000, 2008 na 2014, na apendaye kisa cha zamani hana budi kukihamisha.

Namba si taabu. Zamani deraya bora ilikuwa na namba ndogo, na tangu 2000 iliyo bora ina namba kubwa. Toa katika 20, na deraya ya 3 huwa 17.

Taabu iko katika dhahabu. Katika kanuni za awali, dhahabu iliyotolewa pangoni salama ilimwongezea mchezaji daraja, kwa hiyo mwenye akili alimnyatia joka, akamwibia na kutoroka, bila kuuchomoa upanga wake. Kanuni za baadaye zikaipeleka thawabu hiyo katika kuzishinda hatari zenyewe, na kisa kilekile, kikihamishwa kwa namba tu, huwageuza wevi werevu kuwa askari. Kadhalika kisa cha kaburi kiitwacho Tomb of Horrors, alichokitoa Gygax mwaka 1978, kina vita vichache na mitego tele, na mchezaji alitakiwa aeleze kwa kinywa chake anavyoipapasa sakafu na anachokigusa kwa fimbo. Toleo la 2000 lilileta ustadi wa kupekua, ukaamuliwa kwa kurusha dadu mara moja. Wako wasemao kwamba kanuni mpya zifuatwe kama zilivyo. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa lile kaburi lilijengwa ili kupima fikra za mtu aliyeketi mezani, na dadu haina fikra. Mimi humtaka aseme kwanza, na akisema vema, dadu huiacha mezani.

Haja yangu kwenu, wanafunzi, ni ya hapa hapa. Wasukuma wana isolo yao, mchezo wa jamii ya bao. Mtakapokwenda Magu na Kwimba kuwauliza wazee, msiandike idadi ya kete peke yake; kwa kila kanuni mwulizeni mzee inazuia nini, na ingeondolewa mchezo ungeharibikaje, ili atakayetaka kuihamisha baadaye ajue anachobeba. Nimeleta daftari. Liko juu ya meza pale mlangoni, pamoja na kalamu, na kurasa zake zote bado ni nyeupe.