Mnyauko Hauna Miguu

Hotuba kwa wakulima wa Buganguzi

Napenda kusema nanyi habari za mnyauko wa migomba, yaani unyanjano. Kibanja ndicho chakula chetu, ndicho urithi wa watoto wetu, na ndimo walimolala babu zetu.

Kwanza yafaa mjue kwamba maradhi ya namna hii husafirishwa na mikono ya watu. Uko mnyauko wa viazi na nyanya, ambao vijidudu vyake hukaa udongoni. Wataalamu husema asili yake ni Amerika ya Kusini, kisha ukavuka bahari pamoja na mbegu za viazi. Mwaka 2003 ulionekana Marekani, umefika ndani ya vipandikizi vya maua ya jerania vilivyotoka Kenya. Waliovifunga hawakukusudia ubaya wowote.

Unyanjano wetu ni ugonjwa mwingine, lakini mwendo wake wafanana na huo. Ulielezwa kwanza na wataalamu huko Uhabeshi, yaani Ethiopia, mwaka 1968, katika mmea ulio jamaa ya mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka 2006 ukaingia Kagera. Dalili zake ni hizi: majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuwa kahawia ndani, na shina likikatwa hutoka usaha wa manjano.

Mnyauko hauna miguu. Huchukuliwa na panga, na mche, na wadudu waliao katika ua la mgomba. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Basi, chane ya mwisho ikiisha kutokea, ondoeni ua kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Pitisheni panga motoni kabla ya kukata mgomba mwingine. Mgomba mgonjwa ukateni chini kabisa mara uonekanapo.

Limebaki jambo lililo gumu zaidi. Kwetu sisi ni aibu kumnyima jirani mche. Lakini kumpa mche wa kibanja kilichougua ni kumpelekea njaa nyumbani kwake. Kwa hiyo mwenye kuomba na aulize, na mwenye kuombwa na aseme kweli, wala asione haya. Ugonjwa uliotangazwa mapema huharibu migomba michache. Uliofichwa huweza kumaliza kijiji.